Mitupo huru: mazoezini inaingia, kwenye mechi inagonga ringi. Tatizo liko wapi?

Mdau_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaofundisha kikapu. Ni vijana wa sekondari, wavulana wa miaka 15 hadi 17, uwanja wa saruji wa wazi hapa Nyegezi, Mwanza. Mazoezini ukimpa kijana mipira 10 mfululizo anaingiza 7 au 8. Kwenye mechi timu nzima haifiki nusu. Wengi wanakosa kwa mbele: mpira unagonga ukingo wa ringi unarudi. Wapinzani wameshalijua hilo, faulo zao za timu zikishafika tano kwenye robo ya mechi, ambapo kila faulo ni mitupo huru kwetu, hawaogopi tena kutupeleka mstarini. Nianze na nini, mikono au miguu?

Timazi
Mkuu, kabla hujagusa mkono wa mtoto yeyote chukua tepu na pima maji uende uwanjani. Viwanja vingi vya wazi nguzo imesimikwa karibu kabisa na mstari wa mwisho na mkono wake ni mfupi, kwa hiyo bodi (ubao wa nyuma ya ringi) haiingii ndani ile mita 1.20 inayotakiwa. Mchoraji anapima mita 5.80 toka mstari wa mwisho, anachora, anaondoka. Watoto wanabaki wanatupa kutoka mbali kuliko kanuni.

Usipime toka mstari wa mwisho. Funga jiwe kwenye kamba, ining'inize ikigusa uso wa bodi, na pale jiwe linapotua pima mita 4.60 hadi ukingo wa mstari wa mtupo ulio upande wa mtupaji. Kisha ringi: mita 3.05 toka sakafuni, mbele na nyuma sawasawa. Ringi za kuchomelea ambazo watoto huning'inia huinama mbele, na ringi iliyoinama inamwangalia mtupaji, inameza hata mpira wa chini chini. Kijana anazoea hivyo. Siku mkienda kucheza kwenye ringi iliyonyooka, ukingo wa mbele unamrudishia mpira uleule.

Kocha_Mabatini
Timazi umesema kweli kabisa, hilo watu wengi hawalipimi. Niongeze hesabu inayoonyesha kwa nini mpira wa chini chini hauna huruma. Ringi ina upana wa sm 45 kwa ndani, mpira namba 7 una kipenyo cha sm 24 hivi. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45, nafasi "unayoiona" ni sm 32. Ukishuka kwa nyuzi 38 inabaki kama sm 28. Chini ya nyuzi 33 nafasi ni ndogo kuliko mpira wenyewe, hauwezi kupita bila kugusa chuma. Simama pembeni mwa uwanja uangalie kilele cha mpira: kiwe sm 60 hadi 80 juu ya ringi. Ukingo wa juu wa bodi ya kawaida uko mita 3.95, kwa hiyo kilele kikikaribia hapo bila kuupita, upinde unatosha.

Sasa kukosa kwa mbele. Mimi naanza magotini. Goti linaponyooka, mpira uwe unapanda kwa wakati huohuo. Kosa ninalolitafuta kwanza ni kijana kunyoosha magoti, mpira ukasimama kidogo usoni, ndipo mkono ukasukuma. Nguvu ya miguu imeshaisha, mkono unabeba kazi yote. Akiwa mbichi anafika. Robo ya nne, miguu ikiwa imechoka, anapungukiwa sm 10 na hizo ndizo za ukingo wa mbele.

Mengine kwa ufupi: mstari una urefu wa mita 3.60, weka nukta ya rangi kwenye mita 1.80 na mguu wa upande wa mkono wa kutupa ukae hapo kila mara. Mpira ulale kwenye vidole, kiganja kisiujaze. Kiwiko chini ya mpira, kifundo cha mkono kimekunjwa nyuma hadi ngozi ifanye mikunjo. Mkono wa pili unashikilia ubavuni tu. Ukiona mpira unazunguka kwa upande badala ya kurudi nyuma, dole gumba la mkono huo linasukuma. Walenge ukingo wa nyuma wa ringi, na mkono ubaki juu hadi mpira uguse.

Robo4
Mimi shida naiona kwenye ile mipira 10 mfululizo. Ukitupa wa kwanza ukapungua, wa pili unaongeza, wa tatu umeshapata. Kwenye mechi hupewi wa tatu, labda umefanyiwa faulo ukitupa wa pointi tatu. Hiyo 7 kati ya 10 inapima kitu kingine.

Badilisha hivi: kijana akimbie mstari wa mwisho hadi mwingine na kurudi, atupe miwili, atoke. Mara kumi kwa zoezi moja. Wenzake wasimame pembeni kama kwenye mechi, na mtu ahesabu sekunde 5 tangu anapopewa mpira. Utaratibu wake uwe uleule: adunde mara tatu, avute pumzi, aangalie ringi, atupe. Daftarini weka safu mbili, mtupo wa kwanza na wa pili, na uandike umekosa mbele, nyuma, kushoto au kulia. Usihukumu kabla ya mitupo 100. Wa kwanza ukikosa sana kuliko wa pili, utaratibu haujakaa. Yote miwili ikipungua mbele, rudi kwa magoti ya Kocha.

Na faida yake ni kubwa. Mkiingiza nusu, safari moja ya mitupo miwili inakupa pointi 1. Mkiingiza robo tatu ya mitupo inakupa 1.5, na hapo mpinzani anafikiri mara mbili kabla ya kuwapeleka mstarini.

Mdau_Nyegezi
Asanteni sana wakuu, kesho naenda na tepu. Swali moja: saa kumi jioni upepo wa ziwani unapiga kweli. Niwaambie washushe mpira kidogo?

Robo4
Kidogo, ndiyo. Mpira ukikaa hewani muda mrefu unasukumwa zaidi.

Kocha_Mabatini
Hapo sikubaliani, ndugu yangu. Watashusha kwa upepo na watasahau kupandisha. Upepo wa ziwani unapata nguvu mchana nchi kavu ikishapata joto, asubuhi hewa imetulia. Jumamosi saa moja asubuhi fundisha mkono na magoti. Jioni fanya ile miwili miwili ya Robo4, na upepo ukivuma toka kushoto, alenge nusu ya upana wa mpira kushoto, upinde uleule.