Naomba ushauri: "mkwe" wa miaka 17 katika sensa ya 1851, Oldham

Wakuu, naombeni mwongozo kuhusu kaya ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba, Oldham, Lancashire, Uingereza. Sensa ya 1851 inaonyesha mume miaka 43, mfumaji, mke 38, binti 8, na kijana wa 17, hajaoa, kaandikwa mkwe wa mkuu wa kaya. Binti ni mdogo mno, kwa hiyo nasoma "mkwe" kama mtoto wa kambo, kama walivyoandika zama hizo. Katika sensa ya 1841 mume ana miaka 30, hilo halinisumbui: watu wazima walishushiwa umri hadi namba ya chini iliyo karibu inayogawanyika kwa tano.

Kijana alizaliwa kabla ya usajili wa vizazi kuanza Julai 1837, hivyo cheti hana, labda ubatizo tu. Je, niagize kwanza cheti cha binti, ambacho hutaja majina ya awali ya mama, pamoja na la ndoa iliyotangulia? Au niingie moja kwa moja kwenye rejista za ndoa za 1841 hadi 1843, kutafuta ndoa ya mume na mke hawa? Majina yao ni ya kawaida mno, nahofia kubeba wanandoa wasio wao. Na je, nitafute Oldham tu, au pia kanisa kuu la Manchester, walikofungia ndoa wengi wa miji jirani?