Naomba ushauri: nondo za nguzo zinaliwa na chumvi, nizibe au nibomoe?

Wakuu, habari zenu. Nyumba ya mzee wetu iko Kigamboni, bahari unaiona ukiwa barazani. Nguzo mbili za baraza zimepasuka wima, ufa unafuata nondo, na ukigonga kwa nyundo zege linalia kama debe tupu. Nimebandua kipande: kutu tupu, ringi moja (chuma chembamba kinachozifunga nondo pamoja) imekatika kabisa, na zege lililoifunika halifiki hata sentimita 2. Humo ndani kuna vipande vya makombe, kwa hiyo mchanga ulizolewa ufukweni.

Fundi anasema tusugue kwa brashi ya waya, tupake rangi ya kuzuia kutu, tupige plasta, kazi imeisha. Bei yake nzuri, ila sijashawishika. Chumvi iliyokwisha kuingia kwenye zege haitolewi na plasta. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, itapasua tena, pengine pembeni tu ya kiraka.

Mliopitia hili: zege lichimbwe hadi nyuma ya nondo, au nguzo ijengwe upya? Slabu ya juu inatosha kushikiliwa na mirunda? Na hapa Dar nani anapima kloraidi, yaani hiyo chumvi, kwenye zege? Nguzo nyingine zinaonekana nzima lakini siziamini.