Walanguzi wa modeli za plastiki hapa Unguja: punguzo halimfikii tena anayetaka kuunga

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Ninaufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila punguzo la modeli za plastiki za kuunga, yaani ndege, vifaru na roboti ndogo zinazouzwa vipandevipande ili mnunuzi aziunganishe na kuzipaka rangi mwenyewe, linalotangazwa hapa mjini, iwe ni katika maduka ya Darajani na Mlandege au katika maghala ya mitumba inayoshuka na makontena kutoka Japani, Uingereza na Dubai, linaishia mikononi mwa watu wachache ambao hawajawahi kukata hata kipande kimoja kutoka kwenye fremu yake wala kushika brashi ya rangi. Jioni ya siku hiyohiyo maboksi yaleyale huonekana kwenye magrupu ya WhatsApp kwa bei iliyopanda mara tatu au nne, na chini ya kila picha pameandikwa kwamba bidhaa ni adimu na haitolewi tena.

Safari hii duka moja, ambalo sitalitaja kwa sababu mwenyewe hakuwapo na huenda hajui kilichofanyika, lilitangaza kwamba linamaliza mzigo wake wote wa modeli: ndege za kampuni za Airfix na Revell za uwiano wa 1/72 (yaani urefu wake ni sehemu moja ya 72 ya ndege halisi), vifaru vya Tamiya vya 1/35, na Gundam, roboti za katuni ya Kijapani zinazotengenezwa na Bandai, za 1/144. Tangazo lilisema wazi kwamba mauzo yangeanza saa tatu asubuhi. Tuliofika kabla ya saa tatu, wengi wetu tukiwa na watoto wa skuli tuliowaahidi tangu wiki iliyopita, tulikuta rafu tupu, na kijana wa dukani akatuambia bila haya kwamba mzigo wote ulishachukuliwa alfajiri na "mteja wa jumla". Miongoni mwa maboksi yaliyoondoka ilikuwamo Fokker Friendship ya Airfix, ndege ya aina ileile iliyokuwa ikitua uwanja wa Kisauni enzi za East African Airways. Kijana mmoja ninayemfundisha kuunga alikuwa akiiwekea pesa ndege hiyo, kwa kuwa babu yake alifanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani hapo na amemsimulia habari zake maisha yake yote. Bei ya punguzo ilikuwa shilingi 18,000. Kabla ya magharibi niliiona ikiuzwa 75,000, na boksi lina stika ileile ya dukani, imekwaruzwa nusu tu.

Nataka nieleweke vizuri, maana najua majibu yatakayokuja. Sipingi faida, na hakuna Mzanzibari mwenye akili anayepinga biashara, kwani mji huu umejengwa kwa biashara. Mtu anayepanda ndege kwenda Dubai, akazunguka mitaa ya biashara ya Deira kutafuta maduka yanayomaliza mzigo, akalipia uzito wa ziada, akalipa ushuru anapofika, na akabeba hatari ya kwamba bidhaa haitanunuliwa, huyo ana haki ya faida yake na mimi humlipa nikiwa radhi. Vivyo hivyo yule anayeagiza kutoka Japani, akasubiri meli miezi, akapokea boksi limepondeka na akalazimika kumeza hasara. Watu hao wanatuletea kitu ambacho bila wao kisingefika kisiwani. Ninayemlalamikia ni yule anayekichukua kitu ambacho tayari kimefika, ambacho kimeshalipiwa nauli na ushuru na mtu mwingine, akakihamisha kutoka mtaa mmoja hadi mtaa wa pili, kisha akadai mara nne ya alichotoa. Huyo hakuleta kitu, na alichokifanya ni kusimama baina ya boksi na mtoto.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili halina kasoro kidini. Mimi si mwanachuoni, lakini sote tumesoma madrasa na tunakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuipokea misafara ya bidhaa njiani kabla haijafika sokoni. Sababu iliyoelezwa ni kwamba yule anayeikatiza njiani humdhulumu mwenye mali asiyejua bei ya soko, na huwanyima watu wa sokoni nafasi ya kununua kwa bei ya haki. Mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma alfajiri, wakati tangazo linasema saa tatu, anafanya nini kama si kuukatiza msafara? Ama kuhusu ihtikari, yaani kuficha bidhaa mpaka bei ipande, najua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii katazo lake limehusishwa na chakula, na modeli si mchele wala sukari. Lakini Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kwamba kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu kinaingia humo, kwa hiyo asijifiche mtu nyuma ya neno "chakula" akadhani amemaliza hoja.

Linalonikera zaidi ni uongo wa neno "adimu". Modeli hizi hutengenezwa kwa kalibu za chuma ambazo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake kwa nguvu, na kalibu moja iliyotunzwa vizuri huweza kutumika kwa miongo kadhaa. Viwanda havitengenezi kila modeli kila siku. Huitoa kwa mafungu, huiweka kando, kisha huirudisha kalibu mashineni na kutoa fungu jingine, wakati mwingine kwa boksi jipya na nembo mpya. Airfix imekuwa ikirudia kalibu zake za zamani kwa namna hiyo tangu enzi za wazazi wetu. Gundam ya kwanza kabisa ya Bandai, RX-78-2 ya 1/144 iliyotoka Julai 1980 kwa yeni 300, imetolewa tena na tena, na mtu anaweza kuinunua mpya hadi leo. Kwa hiyo mlanguzi anapomwambia mama wa Kikwajuni kwamba boksi hili halitatolewa tena duniani, ama hajui anachokiuza au anajua na anamdanganya. Maboksi mengi ya zamani ya Bandai yamechapishwa bei ya yeni ubavuni, na nimeona kwa macho yangu stika nyeupe ikiwa imebandikwa juu ya namba hiyo ili mnunuzi asiweze kulinganisha. Anayeiamini bei yake haifichi namba iliyochapishwa na kiwanda.

Na hata pale anapoizuia bidhaa kwa kungoja bei ipande, anaiharibu. Hali ya hewa yetu haifai kabisa kwa ghala la namna hiyo. Nembo za kubandika kwa maji hugeuka manjano na kupasuka, na wakati wa masika unyevu huzigandisha kwenye karatasi yake zisiwezekane kuondolewa. Minyororo ya vifaru na matairi yaliyotengenezwa kwa vinili laini, ikikaa miaka katika joto huku imegusana na plastiki ya polistireni, huila plastiki ile na kuiacha imeyeyuka mahali pa kugusana. Mwaka jana niliuziwa kifaru cha Tamiya, kwa bei ya juu, ambacho sehemu ya chini ilikuwa imeliwa na minyororo yake mwenyewe ndani ya mfuko. Muuzaji aliniambia kwamba hiyo si shida yake, kwa sababu yeye "alinunua hivyohivyo". Alikuwa amekiweka chini ya paa la mabati, na alisema hivyo yeye mwenyewe alipokuwa akinieleza kwa nini boksi limefifia.

Hayo ni ya kwetu Unguja. Pemba hali ni mbaya zaidi, na watu wa kule wana haki ya kulalamika kuliko mimi. Chake Chake na Wete hakuna duka linaloziweka modeli hizi rafuni, kwa hiyo vijana wa kule huwategemea jamaa zao wa mjini wawanunulie na kuwatumia kwa boti. Jamaa hao hawajui bei, hawajui uwiano, hawajui kama Gundam nyingi za 1/144 za siku hizi hazihitaji gundi na ndege ya Airfix inaihitaji. Mlanguzi akisikia tu wanavyouliza, huwatambua watu hao mara moja. Nimekutana na kijana wa Wete aliyeuziwa boksi la Revell lisilo na kioo cha rubani wala karatasi ya maelekezo, kwa bei inayozidi bei ya boksi kamili Ulaya, na hakuwa na njia ya kulirudisha isipokuwa alipe nauli nyingine. Kijana huyo ameacha kuunga. Sijui nimlaumu vipi.

Watu hawa wana majibu yao, na nimeyasikia yote. Wanasema kwamba hata wao wana familia. Sote tunazo, na kijana wa dukani aliyepewa chochote ili afungue mlango alfajiri naye ana tajiri wake aliyemwamini. Wanasema kwamba mnunuzi halazimishwi. Ni kweli halazimishwi, lakini mahali ambapo maboksi yote ya mwezi mzima ni machache kiasi cha kuenea kwenye rafu mbili, anayeyachukua yote amemwondolea mwenzake hiari hiyo. Wanasema pia kwamba wao ndio wanaozifanya modeli zijulikane. Hili ndilo linalonichoma, kwa sababu punguzo ndilo lililokuwa mlango wa watu wapya. Mtu asiyejua kama ataipenda kazi hii hawezi kuanza kwa shilingi 75,000. Ataanza kwa 15,000 au 18,000, ataharibu ndege yake ya kwanza kwa gundi nyingi, na kama ana hamu atarudi kununua ya pili kwa bei kamili. Mwenye duka anayetoa punguzo anapanda mteja wa kesho, na mlanguzi anakula mbegu. Tangu mwaka jana sijaona mtoto hata mmoja mpya akijiunga nasi ambaye si mtoto wa mtu anayesafiri.

Huko zinakotoka modeli hizi jambo hili halichukuliwi kuwa dogo. Mwaka 2021 kampuni inayochapisha Hobby Japan, jarida la Kijapani la waungaji modeli, ilimfukuza kazi mhariri wake mmoja baada ya yeye kuandika mtandaoni maneno ya kuutetea ulanguzi wa aina hii, na ikaomba radhi hadharani kwa wasomaji. Maduka mengi ya kule huuza Gundam mpya kwa idadi maalumu kwa kila mnunuzi. Iwapo nchi yenye viwanda vyenyewe, pale Shizuoka, imeona haja ya kuwawekea wanunuzi mpaka, sisi tunaongoja kontena tunazembea kwa hoja gani?

Kwa hiyo ninawaomba wenye maduka, kwa heshima yote, wayafanye mambo ambayo hayana gharama. Saa iliyotangazwa iwe ndiyo saa ya kufungua, na isiuzwe modeli hata moja kabla yake, hata kwa jamaa wa mwenye duka. Kila mnunuzi apewe boksi moja, au mawili yakiwa tofauti, na anayetuma madereva wa bodaboda kumpangia foleni akataliwe, kwani nyuso zao zinajulikana na kila mtu pale Darajani. Mfuko wa ndani ukatwe mbele ya mnunuzi wakati wa kulipa: anayekwenda kuunga hatajali hata kidogo, kwa sababu angeukata usiku huohuo, bali anayekwenda kulangua hataweza tena kuandika kwamba boksi halijafunguliwa. Na risiti ya kielektroniki itolewe kwa kila boksi, ikionyesha bei, maana hiyo ni sheria na wala si hisani.

Wanunuzi wenzangu nanyi mna sehemu yenu. Kila anayelipa 75,000 kwa sababu ana haraka ndiye anayemlipia mlanguzi nauli ya alfajiri ijayo. Fungu jipya likitoka kiwandani, bei yake itashuka, na aliyesubiri hatakuwa amepoteza kitu. Mwenye jamaa Uingereza au Oman amwombe alete boksi moja ndani ya begi lake, halina uzito. Tuliopo mjini tukusanye maagizo ya watu wa Pemba pamoja, tuyakague kabla ya kuyapakia botini, na tusichukue kwao zaidi ya nauli. Aliyeuziwa boksi pungufu au lililofunikwa bei, na akawa na risiti au ujumbe wa simu, aupeleke Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, kwa sababu kusema uongo juu ya bidhaa ni jambo linalowahusu hata kama bidhaa yenyewe ni ndege ya plastiki.

Mwenye duka aliye tayari kuuza kwa utaratibu huu aandike hapa chini, na mimi na wenzangu tutamletea wanunuzi wa kweli siku hiyohiyo. Walanguzi nao wana haki ya kujibu katika uzi huu, lakini kila atakayejibu aje na risiti ya alichonunua na picha ya boksi upande wa bei, stika ikiwa imebanduliwa.