Tabia za kubana matumizi za wakati wa korona: kwenu imebaki ipi?

Mwalimu_Duga

Salaam wakuu, hasa wa Tanga mjini.

Nina swali la jikoni ingawa mimi ni mwanamume, msinicheke. Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza Arusha, shule zilifungwa. Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi. Wazazi hawakulipa ada, mshahara ukakatika. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, lakini mfuko ulijifunga wenyewe.

Ndipo nyumba yetu hapa Duga ikaanza kwenda kwa mahesabu. Mkaa ulipimwa kwa kopo la rangi, kopo likiisha limeisha. Sokoni Mgandini mara moja kwa wiki, kwa baiskeli. Chakula cha mchana na cha usiku kilipikwa kwa pamoja. Nazi za kukuna, mchicha wa uani, nywele za wanangu nanyoa mwenyewe. Wallahi tulikula vizuri kuliko sasa.

Shule zikafunguliwa Juni 29, hela ikarudi kwa kuchechemea, na zile tabia zikapotea moja moja bila mtu kusema tuziache. Leo ikifika katikati ya mwezi naandikiwa deni kwenye daftari la mangi wa duka.

Swali langu: kwenu, tabia gani ya wakati ule ipo mpaka leo? Na mnadhani kwa nini hiyo imebaki na nyingine zikafa? Tafadhali msiniambie niache anasa, sina. Nataka mambo ya moto, chakula, maji.

Bachela_Makorora

Mkuu, mimi nilikuwa nimepanga chumba Makorora, uani tuko wapangaji watano. Tulichanga hela tukawa tunanunua mchele kwa gunia na mafuta kwa dumu, tunagawana. Ilikuwa nafuu kweli maana mafuta ya kupima robo robo yanakula hela bila kuonekana. Ilikufa pale mmoja alipokosa mchango wake. Kununua kwa jumla kunataka hela iwepo yote siku moja, na sisi wa vibarua hela inakuja kwa mafungu. Wanaosema "nunua jumla" wengi wao wana mshahara.

Kilichobaki kwangu ni ndoo ya bomba. Wakati ule kila mlango ulikuwa nayo, kwa ajili ya kunawa. Sasa naoshea vyombo humo. Bomba likifunguliwa kidogo, maji yanachuruzika tu, dumu moja linamaliza vyombo vya kutwa. Nikioshea kwenye beseni nilikuwa namwaga mara tatu.

Bi_Mkubwa_Ngamiani

Mwalimu, nimesoma swali lako mara mbili. Kabla sijakujibu nikuulize na mimi: hizo nazi, nani alikuwa anakuna? Huo mkaa, nani alikuwa anaupima? Wakati ule ulikuwa nyumbani kutwa. Ulichota maji, ulichambua mchele, uliwashika watoto mkeo akiwa jikoni. Shule zikafunguliwa ukaondoka na mikono yako miwili, ukataka tabia zibaki. Zingebakije? Kubana matumizi ni kazi, baba, na kazi ikibaki kwa mtu mmoja ataitua siku atakayochoka, wala hatakuaga.

Nimesema hilo kwanza kwa sababu hata kwangu zilizobaki ni zile zisizonipa kazi. Zilizotaka nisimame muda mrefu zimekwenda. Sabuni ya maji ya kuchanganya mwenyewe? Imekwenda. Kusuka wajukuu nyumbani? Kumekwenda, mgongo haunipi.

Ninakaa Ngamiani, asubuhi nauza vitumbua, nyumba ina watu tisa wajukuu wakiwa wapo. Nitakueleza ninavyofanya.

Moto unawashwa mara moja. Nikimaliza vitumbua jiko bado lina makaa mekundu, hapo hapo napandisha maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha. Yale maji ya kulowekea namwaga, natia mapya. Yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa robo saa nzima. Hapo usifanye haraka, maana maharage, hasa haya mekundu, yana sumu yake ambayo moto wa uvuguvugu hauitoi, na tumbo la watoto halitaki mchezo. Baada ya hapo sufuria na mfuniko wake inaingia kwenye kapu.

Kapu langu ni la ukindu, lile kubwa la sokoni. Chini na pembeni nimeshindilia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa mpaka yakawa laini, juu yake blanketi kuukuu. Mto wa kufunikia nimeushona kwa kanga zilizochanika, ndani vitambaa vya fundi cherehani alivyokuwa anatupa. Nafunika, nabana, naenda kuoga. Sijali moto, sijali maji kukauka, hakuna wa kukaa kulinda chungu. Ukifunua saa saba mchana mvuke unakupiga usoni na maharage yanapondeka kwa vidole. Yakiwa yamebaki magumu kidogo, yanarudi motoni yachemke tena nikiwa natia tui. Sharti moja: sufuria ijae. Ya nusu inapoa mapema na utanilaumu.

Wali wa nazi nao siupalii makaa juu siku hizi. Maji yakishaanza kuzama naingiza kapuni, unajimalizia wenyewe, na ukoko haupo (wajukuu wamelalamika kuhusu ukoko, wamezoea).

Dagaa. Hapa watu wengi wa mjini wanapoteza hela bila kujua. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa usiku, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, mavuno yanapungua, bei inapaa. Mimi naangalia kalenda ya Kiislamu ukutani. Mwezi ukishapita ishirini na tano mpaka siku za mwanzo za mwezi mwandamo, ni giza. Hapo ndipo naenda Sahare au Deep Sea kununua. Naosha kwa maji ya chumvi, natandaza juu ya bati, nafunika chandarua nzi wasiguse, jua mpaka wakatike ukiwakunja. Mwezi wa kumi na nne ukiwaka, wenzangu wananunua kwa bei ya kuruka, mimi nafungua kopo.

Sukari nadhani mnakumbuka. Ramadhani ya 2020 iliingia mwishoni mwa Aprili, sukari ikaadimika hadi serikali ikatangaza bei elekezi, na madukani wengi hata hiyo bei hatukuiona. Tukafuturu na uji wa pilipili manga na tende, chai tukaipunguzia. Tumebaki hivyo hivyo. Hiyo haikunitaka hata dakika moja ya kazi, ndiyo maana ipo.

Mchicha nilioutia kwenye viroba uliniponyoka, unataka maji kila siku na mbegu kila baada ya wiki chache. Matembele ndiyo yamebaki. Unakata shina, unachomeka ardhini, masika yanafanya mengine, unachuma majani na yenyewe yanaota. Ukutani kwa jirani yapo, omba.

Fundi_Chuda

Bi Mkubwa umetisha, lakini mkaa mpaka lini? Mimi korona ilinihamisha. Mkaa ulipanda, nikanunua mtungi mdogo wa kilo 6, sijarudi nyuma. Muda wa kuwasha jiko umeisha, macho ya mke hayaumi moshi.

Bi_Mkubwa_Ngamiani

Gesi nzuri, siibishii. Chai, mayai, kukaanga samaki, haina mpinzani. Ila pika maharage kwa gesi saa mbili halafu uje unieleze mtungi umekufikisha wapi. Kapu halichagui moto: robo saa ya gesi, mengine kapu linafanya bure. Mwanangu yuko Pongwe anafanya hivyo hivyo.

Mwana_wa_Likoni

Assalaam alaykum ndugu zetu wa Tanga. Sisi huku Mombasa twalifungiwa kikweli. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 mji ukafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na Mei wakaufunga Mji wa Kale peke yake. Mamangu alikuwa akiuza viazi karai na bajia jioni. Jioni yenyewe ikawa haipo.

Tabia iliyotubakia ni kula mapema. Chakula cha usiku chapikwa baada ya alasiri, magharibi tushakula, taa ya jikoni yazimwa. Tokeni za stima zaenda mbali kuliko zamani. Tena mama hana tena ile kazi ya kupasha kila anayeingia kwa wakati wake. Asiyekuwepo atakula baridi. Wakati wa kafyu hakuna aliyechelewa, alipenda asipende, na kafyu ilipoondoka mama akasema sheria ya jikoni ni yake, haikuletwa na serikali.

Haya ya mwezi na dagaa nimempelekea, amesema nyanyake alikuwa akiyasema.

Mwalimu_Duga

Bi Mkubwa, shikamoo. Umenipiga mbele za watu. Nimemsomea mke wangu, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia mbuzi ya nazi iko nyuma ya mlango. Basi nazi za Jumamosi na Jumapili ni zangu, na kulowekea maharage usiku ni kwa mtoto mkubwa, yuko darasa la sita.

Bwana wa Likoni, hilo la kupasha kila mtu kwa wakati wake ni la hapa kwetu kabisa. Mimi mwenyewe ndiye wa mwisho kuingia.

Nina mawili ya kuuliza. Kapu la ukindu sina kwa sasa, ndoo ya plastiki yenye mfuniko inafaa? Na la pili, kiporo. Wali unabaki kila siku, asubuhi hakuna anayeutaka, unaishia kwa kuku wa jirani.

Bi_Mkubwa_Ngamiani

Marahaba mwanangu. Msalimie mkeo, mwambie mbuzi imepata mtu.

Ndoo inafaa ikiwa pana, na sufuria isiguse plastiki hata kidogo, itayeyuka au itakuachia harufu kwenye chakula. Weka nguo nene kila upande, upana wa kiganja. Boksi la katoni lililojazwa magazeti yaliyofinyangwa linafaa pia, sisi tulianza na hilo. Masizi ya sufuria futa kabla, utafua mpaka ukome.

Kiporo sikiliza vizuri. Wali wa nazi kwa joto letu hili haulali. Jioni mzuri, alfajiri umechacha. Na usije ukaubakiza kapuni usiku eti ubaki na moto. Ule uvuguvugu ndio unaoulea uchafu, na kuna sumu ya wali uliolala ambayo hata ukiupasha upya haitoki. Kapu ni la kupikia na kufikishia chakula mezani, basi.

Kwa hiyo siku ambayo unajua utabaki, pika mweupe, nazi itie kwenye mchuzi. Ukishakula, uliobaki utandaze kwenye sinia upoe upesi, uweke kwenye friji. Huna friji, punguza kipimo cha mchele, hakuna njia ya mkato hapo.

Wali mweupe uliokaa kwenye friji mimi unanitengenezea vitumbua. Mchele naloweka mapema jioni. Wakati wa kusaga naongeza wali uliopikwa, kama kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya mchele uliolowekwa, na tui, iliki, hamira. Ndio unaofanya kitumbua kiwe laini ndani na kisipasuke pembeni. Ukisaga mchele mtupu kinakuwa na chenga. Wateja wangu wanadhani nina siri kubwa.

Bachela_Makorora

Bi Mkubwa, na chenga za mkaa? Chini ya gunia kunabaki robo nzima ya vumbi, roho inauma kutupa.

Bi_Mkubwa_Ngamiani

Usitupe. Koroga uji mwepesi wa unga wa muhogo, changanya na vumbi mpaka ukifinya donge lishikane, tengeneza madonge ya ukubwa wa limau, anika jua la kutosha mpaka yawe makavu hadi ndani. Yanachelewa kushika moto, kwa hiyo yaweke juu ya makaa yaliyokwisha kukolea. Yakishika yanakaa muda mrefu bila kuwaka kwa fujo, ya kuchemshia makande au miguu ya ng'ombe. Jiko liwe uani au mlango na dirisha wazi, mkaa wa aina yoyote una hewa ya sumu isiyo na harufu, usilale nalo ndani ya chumba chako hicho kimoja.

Na kama lako halitoshi, muulize muuza mkaa wa mtaani. Wengi vumbi wanalifagia na kulimwaga. Nenda na kiroba chako, jioni akifunga.