Mofini kwa mgongo wa mzee: aandikiwe au asiandikiwe?

Mtoto wa Bombo:
Wadau, nataka hoja, matusi wekeni pembeni. Mzee wangu ni askari mstaafu na mgongo unamtesa mwaka wa kumi na moja huu. Panadoli kwake ni peremende. Daiklofenaki zilimchimba tumbo mpaka akalazwa. Mwaka juzi dada yake aliugua saratani, muuguzi akamwandikia mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya rangi ya kijani, bila kutozwa hata shilingi. Shangazi alilala usiku kucha. Sisi ndio tuliokesha tukisikiliza kama bado anapumua. Mzee aliyaona yale, na sasa ananiuliza, "Kwani lazima niwe mtu wa kufa ndipo nitulizwe?"

Tangu 2004 nchi hii yetu ya Uganda inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa (kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona) kuandika mofini wenyewe, bila kumngoja daktari. Dawa inachanganywa hapahapa Kampala kutoka unga. Basi kwa nini mzee afungiwe mlango? Mimi nasema aandikiwe.

Bodaboda wa Kisenyi:
Asiandikiwe. Rafiki yangu alianza na tramadoli, dawa ya maumivu ya ukoo wa mofini, ili astahimili kukaa kwenye pikipiki kutwa. Leo pikipiki hana, tramadoli anayo. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Muuguzi, Arua:
Mtoto wa Bombo, mpe mzee pole zangu. Mofini naiandika mimi mwenyewe, kwa hiyo siiogopi. Watu wangu wa saratani nawapa dozi kila baada ya saa nne na ya usiku mara mbili, pamoja na kitu cha kulainisha choo, maana mofini hufunga choo sawasawa. Bisakodili ikikosekana, mbegu za papai zilizokaushwa husaidia. Mgonjwa wa saratani sijawahi kumnyima kwa hofu ya uraibu.

Lakini mgongo wa miaka kumi na moja ni jambo jingine. Mwili huizoea dawa, dozi ya leo mwakani haitoshi, unaongeza. Wengine hufika mahali dawa yenyewe ikawazidishia maumivu. Na kwa kuwa mzee wako ni askari, sikiliza hili: Marekani walichukua maveterani 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti, nusu wakapewa opioidi, yaani dawa za ukoo wa mofini, nusu dawa za kawaida, mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2018. Wa opioidi hawakufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko wenzao, maumivu yao yalibaki juu kidogo, na madhara yalikuwa mengi zaidi.

Halafu niulize, naomba usikasirike: mzee anakunywa waragi, ile pombe kali yetu? Mofini na waragi vyote vinapunguza pumzi. Vikikutana usiku mmoja, mtu anaweza asiamke.

Niko Marekani:
Muuguzi kasema. Huku kampuni ya dawa ya Purdue ilileta OxyContin, vidonge vya ukoo wa mofini, 1996, ikawaambia madaktari kwamba uraibu ni nadra. Waliegemea barua fupi ya 1980 kwenye jarida la udaktari, aya moja tu, iliyohusu wagonjwa waliolazwa wodini, wala si watu wa mgongo wanaokwenda na chupa nyumbani. Kampuni ilikiri makosa mahakamani 2007, ikakiri tena 2020. Jirani zangu wawili nimewazika.

Dada wa selimundu:
Mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi; si wa saratani, wala siko kitandani nakufa. Ila mifupa ikishika, nalia kama mtoto. Nikifika kliniki natazamwa mikono kwanza, kama natafuta kujidunga. Mkizidi kuhubiri Marekani, anayenyimwa ni mimi. Huko walimwaga vidonge. Hapa kuna wilaya ambako chupa yenyewe ni hadithi.

Muuguzi, Arua:
Dada, umesema kweli, na nimekosea kuongea kama mstari uko kati ya saratani na yasiyo saratani. Shambulio la selimundu ni la siku chache na linastahili mofini bila kuhojiwa. Ninachokwepa ni chupa ya kila siku isiyo na mwisho. Mtoto wa Bombo, mgongo huo umewahi kupigwa picha? Anatoka jasho usiku, amekonda? Kifua kikuu hukaa pia kwenye uti wa mgongo, na mofini ingetuliza mlio huku mfupa unaliwa.

Mtoto wa Bombo:
Picha ya mwisho ni ya miaka minane iliyopita. Hajakonda. Waragi… tuseme Jumamosi. Msimamo wangu umelegea, haujaanguka: picha ikiwa safi na mazoezi yakishindwa, nitarudi hapa kubishana. Mzee nimemsomea yote. Atakwenda kupiga picha. Ila anamuuliza muuguzi kama zile mbegu za papai zinamfaa hata asiyekunywa mofini.