Natafuta gita kavu la bei nafuu lenye sauti nzuri, niko Mtwara. Naombeni ushauri

MwalimuShangani
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Kwaya nimeimba tangu utotoni lakini gita sijawahi kumiliki. Najifunzia la parokia, ambalo mwisho wa wiki liko kazini na siku nyingine linafungiwa ofisini. Sasa nimeamua kununua langu. Nina laki tatu, nikijibana sana laki tatu na nusu, na humohumo nitoe begi na nyuzi za akiba.

Nataka nifundishie nyimbo watoto wa darasa la tatu, na mwenyewe nijue kupiga vizuri, si kukung'uta tu. La umeme sihitaji.

Hapa mjini kuna duka lina gita jeusi linalong'aa, limekatwa begani, kampuni siijui, laki na sitini pamoja na begi. Nyuzi za chuma. Nilipolijaribu vidole viliuma kuliko nikipiga la parokia. Pia kuna ndugu mmoja Lindi anauza Yamaha C40 iliyotumika kwa laki mbili na ishirini, nyuzi za nailoni, picha zinaonekana safi. Au niagize jipya kutoka Kariakoo? Mshahara wa mwalimu mnaujua, nikikosea hapa itachukua muda mrefu kununua jingine. Nawasilisha.

MtotoWaMasasi
Naweka kambi hapa. Na mimi natafuta.

FundiShingo
Mwalimu, karibu. Hilo la dukani umeshalijibu mwenyewe uliposema vidole viliuma. Gita la bei ndogo usilipime kwa rangi wala umbo. Lipime kwa shingo, na kwa urefu wa nyuzi kutoka shingoni. Lenye sauti ya wastani lakini linabonyezeka na linashika tyuni utalipiga kila siku. Lenye nyuzi zilizopaa utaliacha ukutani kabla ya Pasaka.

Nenda na rula ya kwenye mkebe wa hesabu. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), pima kutoka juu ya chuma cha freti hadi chini ya uzi. Gita la nyuzi za chuma, uzi mnene uwe kwenye milimita 2.5 hivi na mwembamba 2. Nailoni hutikisika kwa upana zaidi, kwa hiyo zinaruhusiwa kupanda: 4 kwa mnene, 3 kwa mwembamba. Ukikuta 5 kwenye gita la chuma, hapo ndipo maumivu yako yalipotoka.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wengi hawakijui, na mimi nakithamini kuliko vyote. Tuni nyuzi zote kwa programu ya simu: E, A, D, G, B, E kuanzia uzi mnene. Kisha gusa uzi kidogo tu, sawasawa na chuma cha freti ya 12, bila kuubonyeza. Piga, toa kidole. Utasikia sauti nyembamba, safi. Halafu bonyeza kabisa hapohapo, piga tena. Noti hizo mbili lazima zilingane. Zikipishana sana, gita hilo haliimbi sawa: kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa zitasikika vizuri, ukipanda shingoni kila kitu kinakwenda kombo. Watoto watakuwa wako sawa kwenye wimbo na mwalimu ndiye atakayewapoteza.

Mwisho, litazame kutoka kichwani kuelekea darajani, kile kipande cha mbao tumboni kinachoshika nyuzi, kama seremala anavyotazama ubao umenyooka au umepinda. Kwa C40 jambo hili ni zito zaidi, maana shingo yake haina fimbo ya chuma ya kurekebishia. Ikipinda, imepinda.

KapoLangu
Kwa nini msimwambie anunue jipya? Mkuu, tafuta Yamaha F310 na ulale usingizi. Ina nyuzi za chuma, na fimbo ya kurekebisha shingo ipo, unaizungusha kwa spana ya pembe sita kupitia tundu la sauti. Ukiweza kungoja, panda hadi FG800, ile ubao wake wa juu ni sprusi (mti mwepesi wa nchi za baridi) halisi wa kipande kizima, si plaiwudi. Sauti yake ni mbingu nyingine. Familia ya FG ipo tangu 1966 na haijaisha sokoni, ujue kuna sababu.

FundiShingo
KapoLangu, F310 ni gita zuri, sina ubishi. Ila mpya bei zake huku Dar zinavuka laki tatu ukiongeza begi, na FG800 iko mbali kabisa na mfuko wa Mwalimu. Halafu F310 ni mojawapo ya magita yanayoigizwa sana. Mtu wa Mtwara akituma hela bila kuwa na jicho lake dukani anaweza kuletewa kopi yenye karatasi ya Yamaha ndani. Akiwa na mtu wa kumwendea na rula, sawa.

KaskaziNaKusi
Niko Mikindani, nyumba yangu na bahari tunasalimiana. Mwalimu, usiache hali ya hewa nje ya hesabu. Chumvi ya huku inakula nyuzi za chuma upesi mno, unaona zimepiga weusi chini ya vidole na sauti imekufa. Nyuzi za nailoni hazipati kutu, ingawa zile tatu nene zimezungushiwa waya na zenyewe huchakaa.

Na hili la ubao halisi dhidi ya plaiwudi, kwa pwani yetu silisemi kama watu wa Dar. Ubao halisi unaimba vizuri zaidi, kweli, lakini unanyonya unyevu wa masika na kuutoa kiangazi, unavimba na kusinyaa. Plaiwudi haihangaiki sana. C40 na F310 zote juu zina sprusi wa kubandikwa kwa tabaka, na kwa mtu anayeanza huku kwetu mimi naona ni heri. Likishafika, lisikae ukutani karibu na dirisha. Begi lake, ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kitambaa kikavu cha kufuta nyuzi kila ukimaliza kupiga. Usiliache ndani ya gari juani, gundi ya daraja inalegea. Mimi nimeona daraja limenyanyuka kwenye gita ambalo halijamaliza mwaka.

MzeeWaGalatoni
Wanangu, hamjambo. Niko Nachingwea. Sisi tulianzia kwenye magita ya galatoni ya Afrika Kusini, nyuzi za chuma, na vidole viliota sugu ndipo muziki ukaanza. Ndiyo maana naomba Mwalimu ajiulize kwanza anataka kupigaje. Darasa la watoto wengi, madirisha wazi, wakishapaza sauti nailoni itamezwa. Chuma kinakata, kinasikika hadi nyuma.

Lakini amesema hataki kukung'uta tu, na hapo amenigusa. Kama anataka ule upigaji wa gumba na kidole cha shahada, gumba linashika besi na shahada inaimba juu, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga miaka ya 50, basi nafasi kati ya nyuzi ni jambo la kwanza. Mkono wa kulia unahitaji uwanja.

FundiShingo
Shikamoo mzee. Umenisaidia. C40 pale kichwani shingo ina upana wa milimita 52, F310 ina 43. Kwa kudonoa kwa vidole, 52 ni uwanja hasa. Kwa mwenye mkono mdogo anayetaka kukung'uta, 43 ni rahisi zaidi. Halafu nyuzi za chuma za kawaida, zile za unene wa 12 hadi 53 (elfu za inchi), zikiwa zimetuniwa zinavuta gita kwa zaidi ya kilo 70. Nailoni ni karibu kilo 40. Kwa mtu anayeanza ukubwani tofauti hiyo inaamua kama ataendelea. Kuhusu watoto kummeza: awakusanye wamzunguke, asisimame mbele ya ubao.

MzeeWaGalatoni
Marahaba. Hilo la kuwakusanya nakubali. Hata sisi tulipiga tumezungukwa.

Nangurukuru_One
Samahani wakuu, swali la pembeni. Sisi watu wa kusini tuna mpingo, Wazungu wanaufuata huku kwa ajili ya vyombo vya muziki. Kwa nini fundi wa hapahapa asitutengenezee gita la mpingo tukaacha kuagiza plaiwudi?

KaskaziNaKusi
Swali zuri na linaniuma. Mpingo wetu ndio unaotengenezwa klarineti na obo, na misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa uvunaji unaotunza msitu. Ila klarineti inataka mti mzito na mgumu, na ubao wa juu wa gita unataka kinyume chake. Ubao ule unatakiwa utikisike kwa nguvu ndogo ya uzi. Sprusi ni mwepesi, mita moja ya ujazo ina kilo 400 na kitu. Mpingo mkavu unavuka 1,200, ukiutupa majini unazama. Ukitengeneza juu kwa mpingo utapata gita zito lisilosema kitu. Ubao wa vidole au daraja, hapo mpingo unafaa vizuri sana. Mkono wa kuuchonga tunao, Wamakonde hawajaanza jana. Bado tu kupata mtu wa kujifunza kupanga freti.

MwalimuShangani
Ahsanteni sana, nimesoma kila neno. Mzee shikamoo. Nimeamua kwenda Lindi kuliona lile C40 kwa macho, Jumamosi sina ratiba. Nibebe nini zaidi ya rula?

FundiShingo
Kipande cha karatasi. Kipitishe nyuma ya daraja, pale linapokutana na ubao. Kisiingie hata kidogo. Kikiingia, daraja limeanza kung'oka, na ukiuliza utasikia mtu alifunga nyuzi za chuma humo. C40 haikujengwa kubeba mzigo ule. Kisha bonyeza kila uzi kila freti, polepole, usikilize wapi panakwaruza. Gonga mgongo na ubavu kwa kifundo cha kidole. Ukisikia kitu kinachakacha ndani, kijiti cha ndani kimeachia. Zungusha funguo zote sita, zikaze bila kuruka. Usione haya muda unaotumia. Hela ni yako.

MwalimuShangani
Wakuu, niko Lindi, gita liko mkononi na mwenyewe kanipisha barazani nilikague. Karatasi haiingii. Shingo naiona imenyooka. Freti ya 12 noti zinalingana kwenye nyuzi tano, ule wa tatu (G) unapanda kidogo sana. Hakuna kinachochakacha. Ila urefu: uzi mnene 5, mwembamba 4. Nyuzi zimezeeka, zile nene zimefubaa. Nimemwambia bei haiendani na urefu huo, kashuka hadi laki na tisini. Nilichukue?

FundiShingo
Chukua. Uzi wa tatu wa nailoni una tabia hiyo karibu kwenye kila gita, ni mnene na laini, na nyuzi mpya zitapunguza. Huo urefu unatibika. Kile kipande cheupe chembamba kinachobeba nyuzi darajani hakijagundishwa, ukilegeza nyuzi kinachomoka. Ukitaka kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12, unapunguza 2 kwenye kipande, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi. Angalia tu kama kimechomoza vya kutosha juu ya mbao ya daraja.

Msasa uwe umelala juu ya kioo au marumaru, usugue upande wa CHINI wa kipande, kikiwa wima, mistari ya penseli imechorwa pande zote mbili ili kisiende mshazari. Sugua kidogo, rudisha, pima, sugua tena. Ukizidisha nyuzi zitakwaruza na hakuna kurudi nyuma.

KaskaziNaKusi
Ongezea hili Mwalimu: kile cha plastiki usikiguse, kiweke akiba. Pata mfupa wa paja la ng'ombe buchani, uchemshe hadi mafuta yaishe, uanike ukauke kabisa, kisha mpe mchonga vinyago yeyote hapa mjini akukatie kipande kama kile, upana na urefu uleule. Wenzetu wale wana tupa ndogo na jicho la nusu milimita. Huo mfupa ndio unaosugua. Mfupa ni mgumu kuliko plastiki ile ya kiwandani, noti inatoka safi na inadumu zaidi. Kwangu nilifanyiwa hivyo, na uzi wa kwanza uliokuwa mnyonge ukaanza kusema.

KapoLangu
Hapo nimenyoosha mikono, kwa laki na tisini mmempatia mtu gita la kweli. Nyuzi, tafuta za nailoni za mkazo wa kawaida, si ule mkubwa. Zikikosekana Mtwara, mtu wa Kariakoo akufungie kwenye bahasha awape mabasi ya kusini pale Mbagala, asubuhi unazo.

MwalimuShangani
Nimelichukua wakuu. Nyuzi zimeagizwa, mfupa uko juani, mchongaji kasema nimpelekee Alhamisi. Kwenye kiti cha basi nimelikalisha miguuni, nyuzi nimezilegeza kidogo. Mzee wa Galatoni, ule upigaji wa gumba na shahada naweza kuupata wapi huku?

MzeeWaGalatoni
Mwezi ujao naja Ligula kuonana na daktari wa macho, nitalala Mtwara siku mbili. Nitumie namba yako pembeni. Uwe umeshazoea kodi za C, F na G7, F ile ndogo isiyolaza kidole, na gumba lako liwe linatembea peke yake kwenye nyuzi nene bila wewe kulitazama.

MtotoWaMasasi
Mzee, ukirudi upitie na Masasi.