Mende kufungwa mitambo mwilini: tuna haki hiyo?

Mzee wa Gerezani: Wakuu, baada ya tetemeko la Myanmar, Machi 2025, Singapore walipeleka mende 10 wakatafute watu chini ya vifusi. Ni wale mende wakubwa wa Madagaska, urefu kama sentimita 6, mgongoni wamebebeshwa kamera inayoona joto, mwilini wamechomekwa nyaya. Umeme kidogo ukipita, mdudu anageuka kushoto au kulia. Nauliza: tuna haki ya kumwendesha kiumbe hai kama bodaboda? Nasema hatuna. Kumuua mende jikoni ni jambo moja, kuutawala mwili wake akiwa hai ni jingine kabisa.

Fundi Redio: Mzee, roboti ndogo inamaliza betri kwa kutembea tu. Mende anajitembeza mwenyewe, umeme ni wa kumwelekeza. Na hakuna fundi aliyeunda mguu unaopanda kifusi kama ule. Wewe nyumbani unapuliza dawa, mimi napuliza. Huruma imeanza lini?

Binti Tandale: Kwani huko Myanmar walimpata nani? Hakuna hata mmoja. Wajapani wanajitangaza tu.

Fundi Redio: Singapore, dada, si Japani. Mjapani ni profesa wao, Sato, wa Chuo Kikuu cha Nanyang. Soma kwanza.

Binti Tandale: Nimekuuliza walimpata nani, unanifundisha jiografia.

Msomi wa Usiku: Mmeng'ang'ania mende wakati mambo haya ni ya zamani. Mwaka 2002 New York walishamtia panya nyaya kwenye ubongo wakamwongoza kwa rimoti. Mwaka 2016 Harvard wakaunda taa mdogo, yule samaki bapa, kwa seli za moyo wa panya juu ya kiunzi cha dhahabu, akaogelea kufuata mwanga. Na hapa kwetu tuna panya buku, wale panya wakubwa wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, wanafundishwa uokoaji wakiwa na begi la kamera mgongoni. Nao ni roboti, tunawaita majina mazuri tu.

Mluguru Halisi: Hapo umekosea, futa. Panya buku hana waya hata mmoja mwilini. Anafundishwa kwa mlio na ndizi. Akimkuta mtu, anavuta kitufe kwenye kikoti chake MWENYEWE. Asipotaka kazi, anakaa. Panya buku Magawa alizaliwa Tanzania, akaenda Kambodia, akanusa mabomu zaidi ya 100, Waingereza wakampa nishani ya dhahabu 2020. Nani aliwahi kumpa rimoti nishani?

Msomi wa Usiku: Anafanya kwa sababu ya tumbo. Njaa nayo ni rimoti.

Mluguru Halisi: Basi na wewe unayeamka alfajiri kufuata mshahara ni roboti. Hujakanyaga Morogoro, unatukana kazi ya watu.

Msomi wa Usiku: Sijatukana mtu. Nimetaja begi na kamera, wewe umesikia tusi.

Mama Rehema: Samahanini. Novemba 2024 jengo lilipoporomoka Kariakoo nilisimama pale nje tangu asubuhi, mdogo wangu yuko chini. Watu walikuwa wanaita kwa simu kutoka ndani ya kifusi na hatujui tuchimbe wapi. Siku ile mtu angeniletea mende, panya au nyoka mwenye nyaya, ningempokea kwa mikono miwili. Mjadala wa haki za mende ungenikuta sisikii.

Mzee wa Gerezani: Pole sana, mama. Kwa hilo siwezi kubishana nawe. Basi swali langu nalibana: uokoaji sawa. Ila Nanyang hao hao wametangaza mtambo unaomfunga mende mmoja vifaa kwa sekunde 68. Hiyo ni kasi ya kiwanda. Kiwanda hakitasubiri tetemeko, kitatafuta wateja, na jeshi litakuwa la kwanza mlangoni.

Fundi Redio: Jeshi la Marekani lilishatoa pesa za wadudu wa nyaya miaka ya 2000. Umechelewa, mzee.

Mzee wa Gerezani: Kuchelewa si kukubali.

Mluguru Halisi: Bado namsubiri Msomi afute neno roboti.